Chapa ya Kwanza ya Sauti ya Ponsiano

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za chumba cha santuri na kanda, na ninyi vijana watatu mliobaki mle mkaniomba niandike jinsi ya kuitambua santuri ndogo ya chapa ya kwanza na kuitenga na zile zilizochapwa tena baadaye. Mlisema, "Mzee, wewe ukiishika tu, unajua." Si kweli. Naishika, naigeuza, nainusa, naipeleka dirishani, halafu ndipo najua, na mara nyingine bado sijui. Namshukuru Mungu aliyeyafikisha macho yangu salama mpaka siku ya mwisho ya kazi, ingawa sasa yanadai miwani hata kwa kitabu cha sala. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Mnanifahamu kama mtu wa ofisi, lakini kazi hii sikujifunza ofisini. Nilijifunza katika duka la chumba kimoja karibu na soko la Sumbawanga, miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa, kwa fundi mmoja wa redio na gramafoni aliyeitwa Mzee Selemani, mzaliwa wa Ujiji. Mimi nilikuwa nimetoka upande wa Tukuyu. Nilikuwa nimesoma seminari ndogo miaka mitatu, nikarudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa wa kifua. Narudia, kwa sababu ya kifua. Mzee Selemani alipenda kuwaambia wateja sababu nyingine, kila mteja na yake.

Siku niliyokwenda kuomba kazi aliniuliza swali moja tu.

"Unaweza kukaa kimya saa nzima?"

"Nimetoka seminari, mzee."

"Basi umeshahitimu. Kaa pale."

Tangu siku hiyo aliniita Padri, na soko zima likamfuata. Yeye alikuwa Mwislamu wa kuswali swala tano, mimi Mkatoliki wa rozari, na katika miaka yote tuliyokaa pamoja hatukubishana kuhusu dini hata mara moja. Tulibishana kuhusu sabuni.

Maana kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha. Alinipa karai, kipande cha sabuni, kipande cha khanga kuukuu, na santuri arobaini zilizojaa vumbi na masizi. Niliosha kwa muda wa miezi miwili. Maji yawe vuguvugu, yasiwe moto. Sabuni iwe kidogo, uikoroge kwanza majini, usiipake kwenye santuri. Ufute kwa kufuata mistari, mduara, usikate katikati. Lebo usiilowanishe. Halafu uisimamishe kivulini ikauke yenyewe. Nilidhani ananitesa. Baadaye nilielewa kwamba mtu aliyeosha santuri elfu moja kwa mkono ameshazisoma zote kwa vidole bila kujijua. Vidole vinajua unene wa ukingo, uzito, na kama mistari imechoka. Nanyi nawaambia, osheni wenyewe. Msimwachie mfagizi.

Na msianike juani. Mteja wetu mmoja wa kutoka bondeni aliosha santuri zake sita kwa bidii, akazianika uani kwenye mkeka pamoja na ulezi. Jioni ulezi ulikuwa mzuri sana. Santuri alizileta dukani zikiwa zimekunjamana kama majani ya tumbaku, akauliza kama tunaweza kuzipiga pasi.

Baada ya kuosha nilifundishwa kutazama. Nitaandika hapa yale niliyoyajua katika miaka yangu mitano ya kwanza, nanyi muyachukue kwa tahadhari, kwa sababu nitakachoeleza baadaye ni jinsi nilivyoyajua haya yote na bado nikakosea.

Uzito, kwanza. Santuri ndogo za zamani nyingi zilikuwa nene, na ukingo wake ulikuwa mkali kidogo ukipitisha kidole. Zilizochapwa tena zilikuwa nyembamba, kwa sababu malighafi ilikuwa ghali na mwenye kiwanda naye ni binadamu. Ukiigonga kwa ukucha, nene hujibu kwa sauti fupi, nyembamba hulia kidogo. Ukiinua ile nyembamba juani, mara nyingine mwanga hupita na ukaona rangi ya kahawia ndani ya weusi, kama chai ya rangi. Kisha lebo. Wino wa chapa ya kwanza mara nyingi umezama katika karatasi, na pembe za herufi ni safi. Anayechapa tena huwa amepiga picha lebo ya zamani, kwa hiyo herufi zinavimba na mistari midogo inaungana. Tazameni pia anwani ya kampuni. Kampuni ikihama mtaa, lebo nayo inahama, na hapo hamhitaji utaalamu wowote zaidi ya kusoma.

Mfuko wa nje msiuamini kamwe. Huku kwetu watu walining'iniza santuri ukutani karibu na jiko, mfuko ukapata moshi wa miaka kumi, santuri ikavunjika, wakatia nyingine ndani ya mfuko uleule. Hawakuwa na nia mbaya. Baadaye walikuja wengine wenye nia mbaya, waliofukiza mifuko mipya juu ya kuni makusudi. Mfuko uliofukizwa makusudi una moshi pande zote sawasawa. Moshi wa nyumbani hauna haki kiasi hicho, hukaa zaidi upande unaotazama jiko.

Sasa mtauliza, kwa nini hatukuzicheza tu, tukasikia? Hapo ndipo penye kanuni ya duka letu. Miaka ile sindano za mashine zilikuwa adimu kuliko sukari. Sindano moja ilitakiwa itufikishe mwaka. Kwa hiyo Mzee Selemani aliweka sheria kwamba santuri haichezwi dukani bila sababu kubwa. Tunatazama, tunapima kwa mkono, tunaamua. Wateja walizoea. Na mimi nilizoea kupita kiasi, mpaka nikaanza kujiona kwamba masikio ni ya watu wasiojua kazi.

Santuri mpya nazo zilikuwa zimeacha kuja. Tukaanza kubadilishana. Mtu analeta chakavu, anachukua iliyo nzima. Chakavu tulizitoa kwenye mifuko, maana mifuko tuliihitaji, tukazijaza katika gunia, na kila Jumatano gunia lilipanda lori kwenda Kipili, kwa mtu mmoja mwenye hoteli ya chai pale wanaposhukia abiria wa boti. Mashine yake ilikuwa na sauti kubwa na wateja wake hawakuwa wachaguzi.

Jumanne moja aliingia dukani mama mmoja kutoka Pito, amebeba kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha meza. Mzee Selemani alikuwa ameinamia redio, kwa hiyo nilimpokea mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Padri?"

"Ndivyo wanavyoniita."

"Basi sijapotea." Alifungua kitambaa. Ndani kulikuwa na santuri ndogo, imechubuka, lebo yake nusu nzima imeliwa na mende. Mende wanapenda gundi ya lebo, hilo mnalijua. "Jina langu Gaudensia. Hii ni kwaya yetu ya Pito. Ilikuja gari ya kurekodi, miaka michache kabla ya Uhuru, wakatuimbisha wimbo wa mavuno. Ubeti wa peke yake aliuimba mume wangu, Ponsiano."

Ponsiano alikuwa amefariki kwa homa mwaka uliofuata, mke wake akiwa mjamzito. Mtoto aliyezaliwa, Leokadia, sasa alikuwa msichana mkubwa, na Jumatatu iliyokuwa inakuja angeondoka na gari la masista kwenda kuanza malezi ya utawa, mbali, kwa miaka mingi. Hakuwa amewahi kusikia sauti ya baba yake. Mashine pekee iliyokuwapo karibu nao ilikuwa ya katekista, na ilikuwa imekufa tangu Leokadia akiwa mchanga. Wiki ile ndiyo kwanza Mzee Selemani alikuwa ameifufua.

"Nataka aisikie kabla hajaondoka," alisema Mama Gaudensia. "Lakini tazama ilivyo. Naogopa asije akasikia makwaruzo tu. Je, mnayo nzima?"

Tulikuwa nayo. Nilikumbuka mara moja, maana kumbukumbu ndiyo ilikuwa fahari yangu. Nilitoa rafuni santuri inayong'aa, wimbo uleule, kwaya ileile, rangi ileile ya lebo. Nililinganisha namba iliyosalia kwenye lebo yake na namba ya kwenye yangu. Zilifanana. Kwa kawaida tulidai chakavu mbili kwa moja nzima, lakini kwa heshima ya utawa nilimpa nzima kwa chakavu yake hiyo moja. Mama Gaudensia alinibariki. Nilitupa santuri yake guniani, nikamwona akishika njia ya Pito, nikajisikia kama mtu aliyefanya tendo la huruma.

Naandika hili polepole kwa sababu hapa ndipo kosa lilipo, na ni kosa la mtu mwenye ujuzi. Asiyejua chochote angeiweka santuri ile kwenye mashine.

Jumatano, kabla ya adhuhuri, alirudi. Hakubisha hodi.

"Mwanangu, umenipa mwanamume mwingine."

Mzee Selemani aliinua kichwa kutoka kwenye redio yake.

"Mama, ni ileile," nilisema. "Tazama jina. Tazama namba."

"Namba naiona. Mimi nakuambia habari za mtu."

"Labda mashine ya katekista inakwenda haraka. Mashine ikienda haraka, sauti hubadilika."

"Inamfanya mtu asahau lugha ya mama yake? Huyu anaimba Kifipa kama anayesoma barua ya mwenzake." Alikuwa hajaketi. "Leokadia amekaa pale kwa katekista, mikono mapajani, anasikiliza kwa adabu. Amemaliza, ananiambia, 'Asante mama, nimemsikia baba.' Nimwambie nini? Nimwache aende kwa Mungu na mtu asiye baba yake?"

Mimi Kifipa sikukijua wakati ule zaidi ya salamu. Hata kama ningeicheza, huenda nisingegundua. Lakini hilo halikunisaidia, kwa sababu sikuicheza.

Mzee Selemani alichukua ile santuri inayong'aa mkononi mwa mama, akasogea mlangoni, akaiinamisha kwenye mwanga.

"Padri, njoo. Hapa unaona nini?"

Alinionyesha ule utepe laini ulio kati ya mwisho wa mistari na lebo. Nilikuwa nimeuosha mara elfu. Palikuwa na namba ndogo iliyochongwa kwa mkono, nyembamba kama mkwaruzo wa pini. Ilikuwa namba ileile ya lebo, lakini mbele yake palikuwa na kistari, na baada ya kistari, mbili.

"Lebo inachapwa na mtu asiyejua muziki," alisema. "Hii inachongwa na fundi aliyekata bamba la kuchapia. Akikata upya, anachonga upya. Hii ni ya bamba la pili. Kanda ya kwanza ya kurekodia itakuwa imeharibika, wakakusanya waimbaji wengine mjini, wakauimba tena, wakabandika jina lilelile. Kwao wimbo ni wimbo."

"Mzee, mbona hukunifundisha?"

"Uliijua lebo, ukashiba. Mtu aliyeshiba hapewi chakula." Kisha akamgeukia mama, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Dada yangu, tusamehe. Yako iko wapi, Padri?"

Wote watatu tulitazama pale lilipokuwa gunia. Lori la Kipili lilikuwa limeondoka asubuhi.

"Padri," alisema Mzee Selemani, "leo umemgawa mume wa mtu. Kamrudishe."

Ninyi mnajua safu ile katika daftari letu la ofisini, yenye kichwa "alama ya kuchongwa", ambayo mnalalamika kwamba inawachelewesha. Niliiweka mimi, na sasa mnajua ilikotoka. Santuri isiyojazwa safu ile haijapokelewa, hata kama imeletwa na mkubwa wa mkoa.

Alhamisi alfajiri nilipanda lori la mahindi. Niliichukua ile santuri inayong'aa, nimeifunga kwenye khanga ya kufutia, kwa sababu mbili. Kwanza nilihitaji kitu cha kulinganishia. Pili, sikuwa na kitu kingine cha kumpa mwenye hoteli. Baridi ya uwanda ilitufuata mpaka Namanyere, halafu barabara ikaanza kuteremka na makoti yakavuliwa moja moja. Nilisali rozari njia nzima. Sikuomba muujiza. Niliomba hoteli ile iwe haijapata wateja.

Mwenye hoteli, Bwana Rajabu, alinijua kwa sifa.

"Padri wa Selemani! Umekuja kunibatiza?"

"Shikamoo, Bwana Rajabu. Nimekuja kutafuta santuri."

"Marahaba. Za kutazama zipo. Za kusikiliza hakuna."

"Kwa nini?"

"Betri. Mwezi wa pili huu. Mashine yangu inafunga saumu kuliko mimi mwenyewe."

Nilikaa kwenye benchi. Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimejiapiza njia nzima kwamba safari hii nitasikiliza kwa masikio yangu, na sasa nilikuwa mbele ya mashine iliyokufa, na macho yaleyale yaliyoniponza.

Nilimweleza kisa chote, mbele ya wateja wake wanaokula samaki wa migebuka kwa ugali. Mzee mmoja wa mezani alisema, "Kwa hiyo mama wa watu ameachwa mjane mara mbili." Hakuna aliyecheka sana. Bwana Rajabu alikuna kichwa.

"Gunia limekuja jana, nimelimwaga kwenye kreti pamoja na zangu. Tafuta. Lakini Padri, sikiliza. Abiria wangu wanapenda kwaya, na betri zitakuja siku moja. Nipe hiyo yako inayong'aa, uchukue moja. Moja. Ukirudi kesho kusema umekosea, mimi sitakuwa duka."

Niliomba maji ya ziwa ndani ya ndoo na kipande cha sabuni, maana santuri zote za kreti ile zilikuwa na mafuta ya samaki. Niliosha na kutazama mpaka saa kumi. Mwishoni nilibaki na mbili. Zote zilikuwa na rangi ileile ya lebo. Lebo zote zilikuwa zimeliwa na mende, moja kushoto, moja juu, na katika kila moja namba ya mwisho ilisomeka, na ilikuwa ileile. Moja lazima ilikuwa ya Mama Gaudensia. Nyingine Bwana Rajabu aliipata kwetu zamani. Nilijaribu kukumbuka lebo ya mama ililiwa upande gani. Nilikuwa nimeishika kwa muda wa dakika mbili tu, nikiwa na haraka ya kuwa mwema. Sikukumbuka.

Moja ilikuwa bado na weusi wake. Nyingine ilikuwa imepauka, na pembeni ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, nadhani wa guniani, ulioingia ndani upana wa kidole.

"Chukua hii yenye afya," alisema Bwana Rajabu. "Zawadi ya binti gani hiyo yenye ufa?"

Nilizipima mkononi. Iliyopauka ilikuwa nzito zaidi, lakini si sana, na mafuta ya samaki nayo yana uzito. Nilizigonga kwa ukucha, na kelele za boti zikanizuia kusikia tofauti. Ukingo wa zote ulikuwa umelika. Kila nilichokijua kwa miaka mitano kilinipa jibu la labda. Ndipo nilipotoka nje, nikaziinamisha mojamoja kwenye mwanga unaotoka ziwani, na kwa kidole gumba nikafuta ule utepe laini.

Yenye afya ilikuwa na namba, kistari, mbili. Mwandiko ulikuwa uleule wa santuri niliyokuja nayo, mbili yenye mkia mrefu.

Iliyopauka ilikuwa na namba peke yake, imelala upande kidogo, kama iliyochongwa na mtu aliyekuwa anaitwa kwenda kula. Hakukuwa na kistari chochote. Nilifuta tena kwa mate, nikahofia labda sabuni imejaza mkwaruzo. Hakukuwa na kitu.

"Nachukua hii," nilisema.

"Hiyo ya kijivu? Na hujaisikia?"

"Sijaisikia."

"Wakristo mna imani," alisema Bwana Rajabu, na alinipa vipande viwili vya ubao wa kreti nifungie santuri katikati, na chai ya bure.

Nilirudi Jumamosi, juu ya magunia ya dagaa, santuri kifuani ndani ya koti. Kila lori liliporuka niliushika ule ubao kwa mikono miwili. Namna hiyo wengine hubeba watoto.

Jumapili, baada ya misa ya pili, Mzee Selemani alifungua duka kwa ajili yao. Mama Gaudensia alikuja na Leokadia, msichana mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani, aliyesimama karibu na mlango kama anayesubiri kuitwa jina. Mzee Selemani aliingia nyuma, akatoka na kikopo cha uzi, na ndani ya kikopo kulikuwa na sindano mpya iliyofungwa kwenye karatasi. Miaka yote ile hakuwahi kuniambia kwamba ipo. Aliitia kwenye mashine. Kisha aliondoa sarafu tuliyokuwa tunaiweka juu ya mkono wa mashine ili usirukeruke.

"Polepole," alijiambia mwenyewe.

Santuri ilianza. Kwanza ufa, tik, tik, tik, kila mzunguko. Kisha makwaruzo kama mvua juu ya bati. Kisha kwaya. Mimi nilikuwa nimeshika meza. Kwaya ikanyamaza, na mwanamume mmoja akaanza kuimba peke yake, kwa sauti nyembamba, ya juu, isiyo na haraka.

Mama Gaudensia alikaa chini kwenye kiti cha wateja.

"Ndiye," alisema.

Tulisikiliza mpaka mwisho. Leokadia alikuwa amekunja uso.

"Mama, mbona sauti yake ndogo hivi?"

"Alikuwa mfupi pia."

"Mfupi?"

"Ananifika hapa." Alionyesha sikio lake. "Nani alikuambia baba yako alikuwa jitu?"

"Nilijiambia mwenyewe," alisema Leokadia, akaanza kucheka, na mama yake akacheka, halafu wote wawili wakafuta macho. "Naomba tena."

Mzee Selemani alirudisha sindano mwanzo. Safari hii, alipoinua santuri, niliona ule ufa umesogea ndani. Yeye naye aliuona.

"Dada yangu," alisema kwa upole, "lazima nikuambie. Kila ikizunguka, ufa unakula. Huenda ikabaki na mara chache tu."

Nami nikaongeza. Mimi nilikuwa nimeitafuta santuri ile, nimeiosha, nimeitambua bila kuisikia, na katika miaka yangu yote ya kazi hakuna chapa ya kwanza niliyoitambua kwa shida kama ile. Nikasema, "Mama, tuiache sasa. Itunzwe. Tutaiweka kati ya mbao, itakaa miaka mingi."

Mama Gaudensia alinitazama bila hasira.

"Nimtunzie nani, mwanangu? Anaondoka kesho. Mimi ninaye kichwani, sijampoteza siku hata moja. Icheze mpaka ashibe."

Mzee Selemani akaicheza. Mara ya tatu Leokadia alisogea karibu na mashine. Mara ya nne alianza kutikisa midomo. Mara ya tano alimwuliza mama yake maana ya neno moja la zamani la mashambani, akaambiwa, akalirudia mara mbili. Mimi nilihesabu.

Mara ya sita sindano ilifika pale penye ubeti, ikagonga ufa, ikaruka mbele moja kwa moja mpaka kwenye kwaya. Mzee Selemani alinyoosha mkono kuuinua mkono wa mashine. Lakini Leokadia alikuwa ameshaanza ubeti wa baba yake, kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, isiyo na haraka, na mama yake alikuwa amefumba macho akimwitikia sehemu ya kwaya. Tuliiacha santuri izunguke bure mpaka walipomaliza.